Mjane Hurithi au Hurithiwa? Historia Fupi ya Istilahi za Mali ya Mjane, kwa Mifano ya Bariadi

Tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha mabadiliko ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, wafasiri wetu wamejikuta wakizifungua tena kanuni za zamani za mila ambazo kwa miaka mingi zilisomwa na mahakimu wa mahakama za mwanzo peke yao. Katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo limetufanya tushike kalamu. Zipo istilahi chache, nazo ni mahari, urithi, fungu, matunzo, na kitenzi kurithi chenyewe, ambazo hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa kana kwamba maana yake ni moja mahali pote. Sivyo. Neno likibebeshwa desturi mbili zisizofanana, mmoja katika wale wanaosimama mbele ya hakimu huondoka mikono mitupu, na mara nyingi mtu huyo amekuwa ni mjane.

Tutazungumzia zaidi nchi ya Wasukuma wa mashariki, yaani Bariadi na jirani zake Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na zamani zaidi, wakati wa Waingereza, nchi za watemi wa Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa zilihesabiwa chini ya Wilaya ya Maswa. Jambo hili la mipaka si la kupoteza wino. Msomaji atakayetafuta habari za mjane wa Bariadi katika majalada ya zamani hana budi kuzitafuta chini ya Maswa na Shinyanga.

Tuanze na mahari. Katika Kiswahili cha pwani, mahari ni mali ambayo mume humpa mke. Ni haki yake mwenyewe bibi arusi, si ya baba yake wala ya ukoo. Yaweza kutolewa yote siku ya ndoa, au sehemu yake ikaahirishwa. Na iliyoahirishwa, mume akifa kabla ya kuilipa, huwa ni deni juu ya mali aliyoacha. Deni hilo hulipwa kwanza, kabla ya wasia kutimizwa na kabla ya warithi kugawana chochote. Kwa hiyo mjane wa pwani huingia katika mirathi kwa milango miwili: kwanza kama mdai, kisha kama mrithi mwenye fungu lake, ambalo ni thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Wajane wakiwa wawili au zaidi hugawana fungu hilo hilo moja.

Ng'ombe wa Usukuma hawakuwa hivyo. Kisukuma kina kitenzi kukwa, yaani kutoa ng'ombe wa kuolea, na ng'ombe hao walitoka kwa upande wa mume wakaenda kwa baba wa binti na jamaa zake. Kwa kutolewa kwao watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Pasipo kutolewa, watoto walikuwa wa upande wa mama. Bibi arusi mwenyewe hakupokea kitu kilichoweza kuitwa mali yake. Hata hivyo, makarani wa mabaraza walipoanza kuziandika kesi hizi kwa Kiswahili waliandika mahari, na neno likashika.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha pwani tayari kilikuwa na majina ya malipo yanayokwenda kwa wazazi. Kilikuwa na kilemba, kinachopewa baba au mjomba. Kilikuwa na mkaja, anaopewa mama kwa ajili ya tumbo lililomzaa na kumlea binti. Hakuna mtu wa pwani aliyechanganya kilemba na mahari. Lau kama karani wa kwanza angekuwa mtu mwenye kupenda kubishana juu ya maneno (nao walikuwapo), huenda leo tungeandika ng'ombe wa kilemba, na mfasiri asingedanganyika kudhani kwamba mwanamke aliyetolewa ng'ombe 20 ana ng'ombe 20. Lakini historia ya lugha haiendi kwa lau kama.

Sasa tuulize, ikiwa ng'ombe wale hawakuwa wa mke, mjane wa Ntuzu au Itilima alitegemea nini? Jibu ni kwamba alitegemea nyumba na watu. Katika ndoa ya wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake la chakula na ghala lake la nafaka. Ng'ombe waliopatikana kwa kuolewa binti wa nyumba fulani walitazamiwa kumsaidia ndugu yake wa tumbo moja kuoa. Hivyo nyumba ya mama ilikuwa kama mfuko uliotengwa ndani ya mali kubwa ya mume, ingawa ufunguo wa mfuko haukuwa mikononi mwa mama. Mume alipokufa, mjane alikuwa na njia tatu. Aliweza kukaa katika kaya pamoja na watoto wake, hasa wana wakiwa wakubwa. Aliweza kuchukuliwa na ndugu wa marehemu. Au aliweza kurudi kwao, na hapo ndipo hesabu ya ng'ombe ilipofunguliwa upya, wangapi warudishwe na wangapi wasamehewe kwa sababu ya watoto aliowazaa.

Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliyakusanya mambo haya katika kitabu chake juu ya sheria na mila za Wasukuma kilichochapishwa mwaka 1953. Kitabu hicho ni hazina, wala hatuna nia ya kukidharau. Lakini msomaji akumbuke ni nani waliokaa barazani kumweleza: watemi na wazee wa kiume. Swali la mali ya mjane liliulizwa na mwanamume, likajibiwa na wanaume, likaandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tunapata humo kwa ukamilifu ni ng'ombe wangapi wanarudi, na kwa uchache tu ni nani anayekula maziwa ya wale waliobaki.

Mambo yalianza kuharibika wakati mali ilipobadilika umbo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilimo cha pamba kilienea sana upande wa mashariki, na jembe la kukokotwa na maksai likafuata. Shamba la mtama hutoa chakula, na chakula kinakaa ghalani kwa mama. Shamba la pamba hutoa fedha, na fedha ilipokewa kituo cha kununulia kwa jina la mwanachama wa ushirika, ambaye mara nyingi alikuwa mume. Palizi na kuchuma zilifanywa na mke na watoto, fedha ikanunua ng'ombe, na ng'ombe wakaingia katika zizi la mume. Zizi hilo lilipokuja kugawanywa, mila haikuwa na jina la jasho lile. Mila ya zamani ilijua kumlisha mjane, bali haikujua kumlipa.

Mwaka 1961 serikali ilianza kazi ya kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kazi hiyo iliongozwa na Cory mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1962. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1963 katika amri mbili ambazo kila mfasiri wa sheria hana budi kuzijua: Tangazo la Serikali Na. 279, linalohusu mahari, ndoa, talaka na hali ya watu, na Tangazo la Serikali Na. 436, linalohusu ulinzi wa watoto, urithi na wosia. Mwaka huo huo utawala wa watemi ulifutwa, na mabaraza yao yakaachia nafasi mahakama za mwanzo. Kwa hiyo kanuni ambazo zamani zilikuwa zikibishaniwa chini ya mti, mzee huyu akisema hivi na yule vile, ziligeuka kuwa vifungu vyenye namba.

Katika Tangazo la kwanza jambo la mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu lilihifadhiwa, lakini kwa sharti la kuulizwa: jamaa wanaweza kumwuliza katika baraza la ukoo kama anakubali kuwa mke wa mmoja wao. Katika Tangazo la pili, warithi walipangwa daraja tatu: mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, kisha mabinti. Wanawake waliruhusiwa kurithi, ila ardhi ya ukoo waliweza kuitumia tu katika maisha yao bila kuiuza. Mjane yeye hayumo katika daraja lolote. Kanuni ya 27 inasema kwamba hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Hebu tuitazame kanuni hiyo kwa jicho la mwanaistilahi. Sharti lake, kwamba marehemu awe ameacha jamaa wa ukoo, si sharti hasa, kwa maana ni nani Usukumani afaye bila kuacha hata binamu mmoja? Tena kanuni inalitumia wazo la fungu mara mbili kwa maana mbili. Mara ya kwanza fungu ni kitu kinachogawanywa, kinachohesabika, kinachoweza kuuzwa. Mara ya pili fungu ni tendo la mtu mwingine, yaani kutunzwa. Fungu la kwanza mtu hulidai mahakamani. Fungu la pili hulingoja mlangoni. Na mjane asiye na watoto, au mwenye watoto wachanga ambao wao ndio wanaohitaji kutunzwa, analingoja kwa nani?

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu amekufa Bariadi, madeni yamekwisha lipwa, ameacha mjane mmoja, watoto na ng'ombe 24. Ikiwa mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, mjane ana ng'ombe 3. Ikiwa inafuata ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyotumiwa Tanganyika tangu wakati wa Waingereza na ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi, ana ng'ombe 8. Ikiwa inafuata Tangazo Na. 436, hana hata ndama, ila ana haki ya kutunzwa. Zizi ni lile lile, jasho ni lile lile. Kinachotofautiana ni sheria iliyochaguliwa, na sheria huchaguliwa kwa kutazama mtu aliishije na alisali wapi.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 68 kinasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe, hata kama mila inasema vingine, yu huru kukaa anapotaka, na yu huru kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume amtakaye yeye; kwa waliooana kwa ndoa ya Kiislamu, baada ya eda kwisha. Kwa maneno machache kifungu hicho kilimwondoa mjane katika orodha ya vitu vya urithi.

Hapa hatuna budi kusimama kwenye sarufi kidogo. Mjane anarithiwa, mjane anarithi. Kati ya sentensi hizi mbili kuna sauti moja tu, kiambishi cha kutendwa, lakini ndani yake mna historia nzima. Kusema kwamba ndugu wa marehemu amemrithi mjane ni kumweka mjane mahali pale pale tunapoweka zizi, jembe na shamba. Kiswahili kilichukua kitenzi hiki kutoka Kiarabu, na wafasiri wakumbuke kwamba Kurani yenyewe, katika Sura ya Wanawake, aya ya 19, inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Yaani desturi hiyo ilijulikana Bara Arabu pia, na kwa kitenzi hicho hicho. Wala si mila ya kabila moja au ya bara moja.

Waingereza nao, ambao mahakimu wao waliketi kuzipima mila zetu, walipita njia hiyo. Hati Kuu waliyomlazimisha mfalme wao John kuikubali mwaka 1215 ina vifungu viwili vya kufanana kabisa na mambo tunayoyasema. Cha 7 kinampa mjane mali yake ya ndoa na urithi wake mara moja bila kulipa kitu, na ruhusa ya kukaa siku 40 katika nyumba ya marehemu wakati fungu lake linapopimwa. Cha 8 kinasema mjane asilazimishwe kuolewa maadamu anapenda kuishi bila mume, ingawa aahidi kwamba hataolewa bila idhini ya mfalme au ya bwana wake. Fungu lenyewe katika sheria yao ya zamani lilikuwa theluthi ya ardhi ya mume, kwa maisha ya mjane tu. Baadaye matajiri waliona theluthi hiyo inawafunga wasiweze kuuza ardhi, wakabuni mapatano ya kabla ya ndoa: ardhi au pato fulani litatengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mke iwapo atafiwa. Sheria ya mwaka 1536 ikaamua kwamba aliyetengewa hivyo kabla ya ndoa hadai tena theluthi.

Tumeitaja habari hii si kwa kupenda mambo ya Ulaya. Mfasiri anayekutana na mapatano hayo katika vitabu vya sheria huyaita mahari kwa haraka, na hapo anakosea mara ya tatu. Kwa maana hayo si malipo kwa mke wakati wa ndoa kama ya pwani, wala malipo kwa baba yake kama ya Usukuma. Ni mali iliyowekwa kando ingoje kifo. Sisi tungependekeza yaitwe tengo la mjane, kutokana na kutenga, na ile theluthi ya zamani iitwe fungu la mjane.

Turudi kwa Sheria ya 1971. Ilimpa mjane uhuru wa kwenda. Je, ilimpa cha kwenda nacho? Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi zao wote wawili, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini kifungu chenyewe kinataja talaka na kutengana, hakitaji kifo. Hivyo mwanamke wa Bariadi aliyeachwa na mumewe aliingia mahakamani na hoja ya jasho lake, na jirani yake aliyekaa na mumewe kwa amani hadi siku ya mazishi akapelekwa kwenye Kanuni ya 27. Na kwa kuwa mila ya kuchukuliwa na shemeji ilikuwa imekatwa makali, hata ule ulinzi mdogo uliofuatana nayo ulidhoofika. Kongwa lilivunjwa, na paa likaondoka nalo.

Mashauri yalianza kufika. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, akiitazama Hati ya Haki za Binadamu katika Katiba. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilisema kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na katika miaka ya 2000 wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, wote washonaji wa nguo, waliofukuzwa majumbani mwao na jamaa za waume zao, walikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam kuomba kanuni zenyewe za Tangazo Na. 436 zibatilishwe. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba zina ubaguzi, ila ikakataa kuzibatilisha, kwa kuhofia kwamba mila zote nchini zingeletwa kupingwa vivyo hivyo. Rufaa iliondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na irekebishe sheria.

Mfasiri hana uwezo wa kurekebisha sheria, wala hatumtaki ajifanye Bunge. Lakini anao wajibu wa kutoificha. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika hati zote za mirathi neno fungu litumike kwa mali inayohesabika tu, na matunzo litumike kwa wajibu wa mtu kumlisha na kumvisha mwingine. Yasibadilishane hata pale ambapo sentensi ingesikika tamu zaidi. Haki ya kukaa katika nyumba iitwe haki ya makazi, isiitwe urithi. Ng'ombe wanaotolewa kwa baba waandikwe mahari ya wazazi, na mali anayopewa mke iandikwe mahari ya mke, maana hatuna tamaa ya kulifufua neno kilemba huko lisikozoewa. Na kurithi mjane kuandikwe kuoa mjane wa ndugu, ambako angalau kunamwachia mwanamke nafasi ya kukubali au kukataa.

Kwa kufuata utaratibu huu, Kanuni ya 27 ingesomeka hivi kwa Kiswahili: mjane hana fungu, ana matunzo, na matunzo hayo yanatoka kwa watoto wake. Baadhi ya wenzetu tuliowaonyesha sentensi hii walisema ni kali mno kwa hati ya serikali. Tumeipima tena maneno kwa maneno, na hatukuona neno hata moja lililozidi yale yaliyomo katika kanuni yenyewe.